Kati ya Pamba na Duara

Kwa kijana wa Kisukuma, ramani ya maisha zamani ilikuwa jembe, pamba na ng'ombe wa mahari. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui, Shinyanga, na mshahara wa mgodini ukaingia kwenye hesabu hiyo.

Geita nako dhahabu ilichimbwa tangu miaka ya 1930, mgodi ukafungwa 1966.

Migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu ilipoanza uzalishaji, 2000 na 2001, ilitaka mafundi wenye vyeti. Wengi wasio navyo wameshika njia ya maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo. Mwenye duara hugharamia chakula na vifaa. Vijana hungoja mgawo wao wa mifuko ya mawe, na mwamba usipotoa, jasho limekwenda bure. Mawe husagwa kwenye karasha, kisha dhahabu hunaswa kwa zebaki, sumu inayodhuru neva. Inauma kuona mikono mitupu ikiishika.

Hata hivyo si wote wanaokusudia kuzeekea shimoni. Duara kwao ni mtaji: wa bodaboda, wa duka, wa ada ya chuo. Tangu 2019, soko la madini la Geita limewapa mahali rasmi pa kuuzia.