Utambulisho wa chapa: mafunzo kwa mazoezi na maoni ya wanafunzi wenyewe

Ubunifu wa utambulisho wa chapa ni kazi ya kupanga nembo, rangi, fonti, picha na kanuni za kuvitumia, ili kampuni, asasi au bidhaa itambulike popote inapoonekana. Ufundi huu hujifunzwa kwa kuchora, kuonyesha na kurudia, na kwa hiyo mafunzo yake huegemea miradi ya mazoezi na maoni ya wanafunzi wenyewe kwa wenyewe.

Mfano wa mapema wa chapa iliyopangwa kwa ukamilifu ni wa AEG, kampuni ya umeme ya Ujerumani. Mwaka 1907 ilimkabidhi msanifu Peter Behrens kazi ya nembo, matangazo, vifaa na hata majengo yake. Miaka 12 baadaye Walter Gropius, aliyewahi kufanya kazi kwa Behrens, alianzisha shule ya Bauhaus mjini Weimar, ambako karakana ilikuwa sehemu ya darasa.

Kazi za wanafunzi zimewahi kuenea dunia nzima. Mwaka 1970 Gary Anderson, mwanafunzi wa miaka 23 katika Chuo Kikuu cha Southern California, alishinda shindano la Container Corporation of America kwa mishale mitatu inayofuatana. Ndiyo alama ya urejelezaji. Mwaka uliofuata Carolyn Davidson, mwanafunzi wa Portland State, alichora alama ya Nike kwa malipo ya dola 35.

Mradi mzuri wa mazoezi huanza na mteja wa kubuni mwenye masharti ya kweli. Tuseme ni ushirika wa wakulima wa mwani Zanzibar wanaouza sabuni: bajeti yao inatosha rangi mbili tu, na nembo lazima isomeke kwenye mhuri wa mpira na kwenye kioo cha simu. Kabla ya kuionyesha, mwanafunzi huipunguza hadi upana wa sentimita moja, huitoa fotokopi nyeusi na nyeupe, kisha huibandika ukutani na kuitazama kutoka mbali. Mistari myembamba hupotea hapo hapo.

Aina ya pili ya zoezi ni kuchambua chapa zilizopo. Nembo ya FedEx ya mwaka 1994, kazi ya Lindon Leader, hufunza nafasi baina ya herufi: mshale umejificha kati ya E na x. Kampuni ya nguo ya Gap, kwa upande wake, ilibadili nembo Oktoba 2010, ikaandamwa na wateja, na ikairudisha ya zamani katika muda wa wiki moja hivi. Afrika Mashariki nayo ina somo lake. Kampuni ya simu ya Celtel iligeuka Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010, na kila mara mabango, vocha na kuta za maduka zilihitaji sura mpya.

Baada ya mazoezi huja kikao cha maoni. Utaratibu unaofaa ni mwenye kazi kunyamaza kwanza, wenzake waseme wanachokiona. Akiwa amechora jani la mwani kwa ajili ya ule ushirika na watatu kati yao wakaona jani la chai, maelezo yake hayatamsaidia, kwani mnunuzi dukani hatayasikia. Mmoja anaweza kupendekeza kamba iliyofungwa fundo, maana mwani hufungwa kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi. “Ni kali” na “haijakaa” hazimwambii mchoraji arekebishe nini. “Jina halisomeki kwenye mhuri” linamwambia.

Maoni ya wanafunzi wenzake yana mpaka. Wanaosoma pamoja huvutiwa na mitindo ile ile na hatimaye kazi zao hufanana, kwa hiyo rasimu hupelekwa pia kwa wauzaji na wanunuzi wa bidhaa yenyewe.

Zoezi linalotumia jina la kampuni halisi huandikwa wazi kuwa ni zoezi. Mteja halisi anapopatikana, hatua ya kwanza ni kuhakiki kuwa nembo haigongani na iliyokwisha kusajiliwa kwenye ofisi ya usajili wa alama za biashara: BRELA kwa Tanzania Bara, BPRA kwa Zanzibar, KIPI kwa Kenya. Katika jalada la kazi, mwanafunzi huweka pia michoro iliyokataliwa na sababu za kukataliwa, ili mwajiri aone alivyofikia uamuzi wake.