Azimio la Arusha na kodi ya chumba Ngarenaro

Jamani, likitajwa Azimio la Arusha wengi tunakumbuka benki kutaifishwa na vijiji vya ujamaa. Kuna sharti moja tumelisahau, na kwa mtu anayehangaika na madalali wa Ngarenaro au Sakina ndilo linalomgusa hasa: kiongozi wa TANU au wa Serikali asiwe na nyumba ya kupangisha. Hakuambiwa apunguze kodi. Aliambiwa asiwe nayo kabisa! Hayo yalipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU ikiwa hapa hapa mjini kwetu, Januari 1967.

Mantiki ninavyoiona mimi ni rahisi: anayetunga sheria ya kodi asiwe yeye ndiye anayepokea kodi.

Shirika la Nyumba la Taifa lilikuwepo tangu 1962. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Jengo lililozidi miaka kumi, mwenyewe hakulipwa fidia. Waliopigwa zaidi ni Watanzania wenye asili ya Asia, na wengi walifunga mizigo wakaondoka nchini. Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika, ndiyo maana majengo ya zamani yenye maduka chini na makazi juu katikati ya mji unasikia yakiitwa "ya Msajili" mpaka leo.

Tusidanganyane lakini. Waliofaidi kodi nafuu za majengo yale wengi walikuwa watumishi wenye mishahara na wenye kujuana. Mchuuzi wa Unga Limited aliendelea kupanga chumba kimoja kwa mtu binafsi, choo cha nje mnachangia. Na wapo waliopewa nyumba za Shirika wakazipangisha tena kwa bei ya soko, chenji ikabaki mfukoni. Ruzuku ya umma hiyo!

Arusha ina vituko vyake pia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 iliacha ofisi na makazi, na AICC, kituo cha mikutano kilichoanzishwa 1978, ikawa mwenye nyumba mpaka Kijenge na Soweto. Halafu ikaja Mahakama ya Rwanda, ambayo Umoja wa Mataifa uliamua 1995 iwe hapa. Wageni wenye mishahara ya dola wakaingia, na Njiro nyumba zikaanza kutangazwa kwa dola. Mahakama ilifungwa mwisho wa 2015. Dola ikabaki.

Sasa angalieni tarehe hizi mbili. 1991, kikao cha CCM Zanzibar kikalegeza masharti ya uongozi, kiongozi akaruhusiwa kupangisha. 2005, Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya 1984 ikafutwa. Lile la kwanza lilipigiwa kelele na linakumbukwa. Hili la pili lilipita kimya, mpangaji hata hakuaga.

Shirika siku hizi limejenga Safari City kule Mateves, nyumba za kuuza. Ukipandishiwa kodi Sekei utaenda Baraza la Ardhi na Nyumba, nao watauliza mkataba wako unasemaje. Mkataba wenyewe, kama upo, aliuandika baba mwenye nyumba.