Usinialike Pilau Ikiisha

Wasee, mimi nikisikia neno "ushirikiano" kwa mambo ya mazingira, huuliza swali moja tu: nani alikuwa mezani siku ya kwanza? Cheki vile misitu miwili ya Kanada inalijibu.

Wa kwanza ni ule msitu mkubwa wa kaskazini, wa misonobari na baridi kali. Mei 2010, kampuni 21 za mbao na karatasi zilitia sahihi mkataba na mashirika 9 ya mazingira, kuhusu zaidi ya hekta milioni 70. Kampuni zikakubali kusimamisha ukataji miti kwenye sehemu kubwa wanakoishi caribou, wale kulungu wa baridi. Mashirika nayo yakasitisha kampeni za kuambia wanunuzi wasusie bidhaa zao. Poa sana, si ndio?

Shida ni kwamba wenyewe hawakuwepo. Cree, Anishinaabe, Dene, watu ambao mababu zao wameishi humo maelfu ya miaka, hawakuwa kati ya waliotia sahihi. Ati watashirikishwa baadaye! Viongozi wao kadhaa walilalamika waziwazi. Hata wale waliokuwa mezani walianza kuondoka: Greenpeace ikajitoa 2012, Canopy ikafuata 2013.

Sasa twende pwani ya magharibi, British Columbia, kwa msitu unaoitwa Great Bear. Miaka ya 1990 huko ilikuwa vita. Watu walifunga barabara, wengine wakakamatwa, na wanunuzi ng'ambo wakaanza kukataa mbao. Lakini hapa, Wenyeji walikaa na serikali ya jimbo kama serikali kwa serikali, si kama wageni waalikwa. Kampuni na wanaharakati, waliokuwa maadui, walikaa pamoja wakaleta mapendekezo.

Na doo ilikuwepo. Mwaka wa 2007 zilipatikana dola milioni 120 za Kanada, nusu kutoka kwa wafadhili binafsi, nusu kutoka serikalini, za kulinda msitu na kuinua uchumi wa jamii hizo. Kwa sababu ukimwambia mtu asikate mti, lazima ufikirie atakula nini.

Mapatano ya mwisho yalikuja 2016, yakihusisha mataifa 26 ya Wenyeji. Eneo ni hekta milioni 6.4, na asilimia 85 ya msitu wake haiguswi na kampuni za mbao. Ile 15 inakatwa kwa masharti makali.

Najua mtu atasema huu ni mdogo kuliko ule wa kwanza, halafu ulichukua karibu miaka 20. Ni kweli. Ile 15 pia bado ni miti inayoanguka. Lakini mimi naona afadhali makubaliano ya polepole yenye mwenye ardhi ndani, kuliko ya haraka anayosikia kwa redio.

Kwa hivyo wakikuletea mkataba wa kuokoa msitu wowote, usianze kuhesabu hekta. Soma majina yaliyo chini kwanza.