Habari za Pangaboi

Msomaji, ukifika Dar es Salaam au Unguja wakati wa kaskazi, ukaingia dukani na kumkuta mwenye duka amekaa chini ya mabawa makubwa yazungukayo darini, mwulize chombo kile huitwaje. Aghalabu atakujibu kuwa ni pangaboi. Huku kwetu Kibabii, upande wa Bungoma, twaita feni, na maneno yakaisha. Walakini neno lile la pwani limebeba habari za watu ambao majina yao hayakuandikwa popote, na kwa sababu hiyo nataka tulitazame kwanza kabla ya kuifungua mota.

Wako wadhanio kwamba jina hilo latokana na panga, kwa kuwa mabawa ya feni yafanana na panga la kufyekea. Sivyo. Katika Kihindi, pankha ni kipepeo cha kujipepea, na asili yake ni neno lenye maana ya bawa la ndege. Waingereza walipotawala Bara Hindi walitundika darini fremu ndefu ya mbao iliyowambwa kitambaa, wakaifunga kamba, na kamba ikapitishwa katika tundu la ukuta mpaka barazani. Huko barazani aliketi mtu akaivuta kamba na kuilegeza, akaivuta tena na kuilegeza, mchana kutwa. Na usiku wa joto alikesha ili bwana wake apate usingizi. Huyo ndiye boi wa panka. Usidhani kwamba alikuwa mtoto. Hata huku Afrika ya Mashariki, zama za ukoloni, mzee mwenye wajukuu aliweza kuitwa boi maadamu alikuwa mtumishi wa nyumbani. Neno likavuka bahari, mashine ikaja ikaichukua kazi ya mtu, na Waswahili wakaipa mashine jina la mtu yule.

Kazi yenyewe haikuwa ya mzaha. Mvuta kamba akisinzia, upepo hukoma, na bwana huamka na hasira zake. Katika India ya karne ya 19 zilikuwako kesi za wavuta panka waliopigwa mateke na askari wa Kizungu hata wakafa. Mara kwa mara mawakili wa washtakiwa walidai kwamba wengu la marehemu lilikuwa limevimba kwa malaria, likapasuka kwa pigo dogo tu. Na mshtakiwa akatozwa faini, au akapewa kifungo kifupi, akaenda zake. Lord Curzon, aliyekuwa mtawala mkuu wa India tangu 1899 hata 1905, alichukizwa na hukumu za namna hiyo, na kwa kuchukizwa kwake akachukiwa na Wazungu wengi wenziwe.

Basi ni nini kilichokuja kuiondoa ile kamba? Mwaka 1831 Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, alionyesha huko London kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme katika waya ulio karibu nayo. Katika miaka ya 1880 Mmarekani Schuyler Wheeler alitia mabawa mawili katika ekseli ya mota ndogo, na hiyo ikawa feni ya umeme ya mezani. Mota za wakati ule zilihitaji brashi za kupeleka umeme katika sehemu izungukayo, nazo zililika upesi na kutoa cheche. Mwaka 1888 Galileo Ferraris wa Italia na Nikola Tesla aliyehamia Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walitangaza mota isiyohitaji brashi kabisa: sumaku yenyewe ndiyo izungukayo, na chuma kilicho katikati huifuata. Feni nyingi zilizoko majumbani mwetu hufuata asili hiyo.

Umeme ulipofika kwetu haukuwafikia watu wote. Mwaka 1908 Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa, aliununua mtambo uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, na mwaka huo huo ikaanzishwa kampuni ya umeme ya Mombasa. Nairobi nayo ikapata kampuni yake, na mwaka 1922 hizo mbili zikaunganishwa zikawa moja. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth II alifungua bwawa la Owen Falls huko Jinja, na baadaye umeme wake ukasafirishwa kutoka Tororo mpaka Nairobi. Tazama ramani, msomaji: kutoka Tororo kwenda Nairobi hapana budi kupita katika nchi hizi za magharibi. Nyaya zikapita juu ya vichwa vya watu waliokuwa wakiwasha koroboi.

Sasa nije katika feni yenyewe. Katika ghala la chuo nifundishamo ualimu, hapa Kibabii, palikuwa na feni ya mezani, mabawa yake ya shaba nyeupe yamepata kutu ya kijani, wavu wake una nafasi kubwa hata mkono wa mtoto waweza kupita. Ilifikaje mahali hapa penye usiku wa baridi ya Mlima Elgon, sijui mtu awezaye kusema. Mwanafunzi mmoja alitaka kuichomeka papo hapo. Nilimzuia. Mpira na pamba zilizofunika waya za zamani hukauka zikapasuka kama udongo wa kiangazi, na gamba la chuma lote laweza kuwa na umeme.

Tuliifungua. Ndani mlikuwa na ncha nne za chuma, kila moja imezungushiwa waya mwembamba wa shaba, na pembeni mwa kila ncha mna pete nene ya shaba. Pete hiyo ndiyo siri ya mota. Huichelewesha sumaku ya upande ule kidogo tu, hata sumaku ikaonekana kana kwamba yatembea kutoka upande usio na pete kwenda upande wenye pete, na chuma cha katikati kikavutwa nyuma yake. Kwa ncha nne, na umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde, sumaku huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Mabawa hayawezi kuufikia mwendo huo, bali huufuata kwa nyuma.

Waya ulikuwa umeungua. Tuliufungua tukihesabu kila mzingo, tukapima unene wake, tukatia karatasi mpya ya kukinga chuma, kisha tukausuka waya mpya kwa idadi ile ile. Kazi hiyo ilituchukua majuma mawili. Nilipowasha, feni ilinguruma, ikapata moto, wala haikuzunguka. Kwa haya nyingi niliibeba mpaka mjini Bungoma, kwa mzee mmoja mwenye kibanda cha kusuka mota. Hakuniuliza neno. Alitia umeme wa betri ndogo katika waya, akaipitisha dira polepole mbele ya kila ncha. Sindano iligeuka kaskazini, kusini, kaskazini. Na katika ncha ya nne ikageuka kaskazini tena.

"Mwalimu," akasema, "huyu wa nne umemfunga kinyume."

Nilikuwa nimefundisha habari za ncha za sumaku kwa miaka minane. Mzee aligeuza miisho miwili ya waya, akatia vanishi, akaniambia niikaushe kwa moto wa polepole. Mimi nikaongeza jambo ambalo waliounda feni ile hawakuliweka: waya wa tatu, wenye rangi ya kijani na manjano, unaoliunganisha gamba na ardhi.

Leo imo katika maktaba ya chuo, na vitone vya mafuta hutiwa katika ekseli yake kila mwanzo wa muhula. Niliwasimulia wanafunzi habari za wavuta kamba wa India, na tangu siku hiyo hawaiiti feni. Huiita Mzee.