UTEUZI RAZINI (ufundishaji wa nadharia ya)

Nadharia ya uteuzi razini ni fundisho la elimu ya uchumi linalomchukulia mwanadamu kuwa, kila akabiliwapo na njia mbili au zaidi, hupima faida na gharama za kila moja kwa kadiri ya habari alizo nazo, kisha huishika ile aionayo bora kwake. Katika Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, ambako Milton Friedman alifundisha nadharia ya bei tangu 1946, fundisho hili lilivuka mipaka ya soko likaingia katika ndoa, masomo, jinai na matumizi ya saa za siku. Na aliyeifanya kazi hiyo kwa ushupavu usio kifani ni mwanafunzi wake, Gary Becker (1930–2014), aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1992.

Kisa cha gari na mtihani

Kisa mashuhuri cha somo hili alikisimulia Becker mwenyewe katika hotuba yake ya Nobel. Katika miaka ya 1960, akiwa mudarisi wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alikuwa akienda kumtahini mwanafunzi kwa mdomo, naye amekwisha kuchelewa. Ikampasa aamue upesi ama kuliweka gari katika maegesho ya kulipia, ama kuliacha kando ya njia palipokatazwa. Akapiga hisabu ya uwezekano wa kukamatwa, ukubwa wa faini na bei ya maegesho, akaliacha njiani, wala hakutozwa kitu. Akiwa anatembea kuelekea chumba cha mtihani, ikampitikia kwamba wakuu wa mji nao yamkini wamepiga hisabu kama hiyo kwa upande wao. Basi swali la kwanza alilomwuliza yule mwanafunzi maskini likawa kueleza mwenendo ulio bora kwa mkosaji na kwa polisi pia, jambo ambalo mwalimu mwenyewe alikuwa bado hajalifumbua. Makala yake juu ya jinai na adhabu ilitoka mwaka 1968.

Darasani hisabu hiyo ni nyepesi. Tuseme maegesho ni dola 2, faini ni dola 20, na katika magari 20 yanayokosea hukamatwa 1: faini ya kutarajiwa ni dola 1, na mwenye kujali fedha peke yake ataliacha gari njiani. Mji ukipunguza askari hata likakamatwa gari 1 katika 40, na faini ikapandishwa kuwa dola 40, tarajio hubaki dola 1, ilhali mishahara imepungua. Mwalimu anayeishia kwenye hisabu ya dereva amefundisha nusu ya somo.

Upinzani

Mwanauchumi Herbert Simon alilipinga fundisho hili, akashikilia kwamba binadamu hawezi kupima kila njia, bali hutosheka na iliyo nzuri kiasi.

Hali ya sasa

Mafunzo ya darasa la nadharia ya bei la Chicago yalichapishwa kuwa kitabu, Chicago Price Theory, mwaka 2019.