Mavuno Yanakwenda Wapi? Historia ya Shule ya Litowa na Swali la Mzee Mmoja Kambini

Leo ni zamu yangu kuandika, na nimechagua historia. Lakini nianze na jambo lililotokea hapa hapa kambini, maana ndilo lililonifanya nitafute hii historia.

Muda si mrefu uliopita tulikuwa na mkutano wa wazazi kwenye shule ya msingi ambako najitolea. Neno lilikuwa moja tu: bustani. Walimu walitaka watoto wa madarasa ya juu walime mboga nyuma ya shule, mara mbili kwa wiki. Wengi wakaitikia vizuri. Kisha akasimama mzee mmoja, akavua kofia, akasema hivi: "Mimi nilisoma Zaire, wakati wa Mobutu. Tulilima shamba la mkuu wa shule mpaka mikono inatoka malengelenge, na yale mahindi hatukuyaonja hata siku moja. Leo mnataka mjukuu wangu naye aanze salongo. Sawa. Ila kabla hamjampa jembe, niambieni kwanza: mavuno yanakwenda wapi?"

Kimya. Mwalimu mkuu akasema hilo litajadiliwa siku nyingine. Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu za mkutano, nikaliandika lile swali jinsi lilivyo, halafu nikarudi nyumbani nalo kichwani.

Siku chache baadaye nilimsimulia mwalimu mmoja Mtanzania, mzee aliyekwisha kustaafu. Akacheka kidogo, akaniambia: "Mwanangu, hilo swali nchi yetu ililijibu vizuri sana mara moja, halafu ikalisahau. Tafuta habari za Litowa." Basi nimetafuta. Nawaletea nilichopata.

Litowa ni kijiji huko Songea, kusini kabisa mwa Tanzania, mkoa wa Ruvuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati Tanganyika inapata uhuru wake, vijana wa TANU Youth League waliamua kwenda porini kuanzisha kijiji chao na kulima pamoja. Kiongozi wao alikuwa Ntimbanjayo Millinga, naye alikuwa bado kijana. Msidhani ilikuwa rahisi. Jaribio la kwanza lilikwama. Wakarudi tena, wakajipanga upya, na safari hii wakakaa. Vijiji vingine vikaona, vikaiga. Mwaka 1963 wakaunda umoja wao, ukaitwa Ruvuma Development Association. Mpaka mwisho wa miaka hiyo vijiji vilikuwa vimeshapita 15. Mzungu mmoja Mwingereza, Ralph Ibbott, aliishi nao Litowa pamoja na familia yake kama mshauri. Lakini kila anayeandika habari zao anasema kwamba maamuzi yalitoka kwenye mkutano wa wanakijiji wenyewe, hayakutoka kwa mshauri wala kwa serikali. Ndugu zangu wa mashirika, hapo naomba mpaweke alama, nitaparudia.

Sasa, hawa watu walikutana na tatizo ambalo sisi tunalijua. Mtoto anakwenda shule, anafundishwa kwamba jembe ni la wajinga, na kwamba aliyesoma anakaa ofisini. Anafanya mtihani. Wachache wanapita, wengi wanabaki. Aliyebaki haajiriwi mjini na kijijini naye hataki kurudi, maana ameshafundishwa kwamba kijiji ni aibu. Kwa hiyo kijiji kinajenga shule kwa jasho lake, na shule hiyo hiyo inakinyang'anya watoto.

Watu wa Litowa wakasema hapana, tunataka shule ambayo ni ya kijiji. Mwalimu mkuu alikuwa Suleman Toroka. Watoto wa vijiji vingine vya umoja walikuja kusoma pale na kulala pale pale, na walilima chakula chao wenyewe. Masomo yalifungwa na maisha. Mtoto aliyejifunza hesabu asubuhi aliiona ile hesabu mchana shambani na kwenye ghala. Walimu hawakukaa pembeni kama wageni wanaosubiri uhamisho, walikuwa sehemu ya kijiji. Kulikuwa hata na mahali pa kulelea watoto wadogo, ili mama zao waweze kufanya kazi za pamoja bila kubeba mtoto mgongoni jua kali. Na lengo halikuwa kumtoa mtoto kijijini. Mtoto alisoma ili akirudi kwao awe na kitu cha kuongeza pale.

Hapo nikasimama nikafikiri. Mimi mwenyewe nilisoma kambini, tangu chini ya turubai, tumekaa kwenye magogo. Kazi za shule tulifanya nyingi. Lakini zilikuwa za aina mbili, na tofauti yake tuliijua hata tukiwa na miaka minane. Tulipokanda udongo na wazazi wetu kujenga ukuta wa darasa, tulikuwa tunaimba. Tulipotumwa kuni za nyumbani kwa mwalimu, au kufyeka majani kwa sababu umechelewa, tulikuwa kimya. Majembe na mapanga yalikuwa yale yale. Tofauti ilikuwa ni kazi ya nani.

Nyerere aliifahamu Litowa na alifika kuitembelea. Mwaka 1967, mwezi wa Februari, likatoka Azimio la Arusha, na mwezi uliofuata akatoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Wengi walioandika historia hii wanasema shule ya Litowa ilikuwa mojawapo ya mifano aliyokuwa nayo kichwani. Nimelisoma lile andiko. Nilidhani nitakuta watoto walime, basi. Kumbe kuna zaidi. Anasema shule ya msingi isiwe ngazi ya kwenda sekondari tu, maana wengi hawatakwenda. Iwe elimu iliyokamilika yenyewe, inayomwandaa mtoto kwa maisha atakayoishi kweli. Anasema shule iwe jamii, walimu na wanafunzi pamoja, kama familia. Na juu ya shamba la shule anasema wazi kwamba wanafunzi washiriki kupanga na kuamua, na waone matokeo ya kazi yao: wakifanya vizuri maisha yao pale shuleni yawe bora, wakizembea waone hasara. Yaani lile swali la mzee wetu limejibiwa mle mle. Mavuno yarudi kwa waliolima, na wao wajue hesabu yake.

Ningependa kumalizia hapo, lakini historia haikumalizikia hapo.

Tarehe 24 Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU iliamua kuuvunja ule umoja wa Ruvuma. Ndiyo, chama kile kile kilichohubiri ujamaa ndicho kilivunja watu waliokuwa wanauishi. Kwa nini? Viongozi wa mkoa na baadhi ya wakubwa wa chama waliona kwamba vijiji hivi vinajiamulia mambo vyenyewe, na jambo hilo liliwatisha. Walitaka ujamaa uongozwe na chama kutoka juu. Mali za umoja zikachukuliwa, walimu wa Litowa wakahamishiwa kwingine, na Ibbott na familia yake wakaondoka nchini. Kijiji kimoja kilichokuwa kwenye umoja, Matetereka, kiliendelea kushikilia njia yake kwa miaka mingi baadaye. Lakini ile shule kama ilivyokuwa, iliishia pale.

Angalieni kilichofuata. Mwaka 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na watu wengi sana wakahamishwa, wengine kwa nguvu. Na mashuleni, Elimu ya Kujitegemea ilibaki jina. Yule mwalimu mstaafu aliniambia kwamba alipoanza kazi yeye, "EK" kwenye ratiba ilimaanisha wanafunzi kwenda kulima, na mara nyingi hakuna mwanafunzi aliyejua mazao yameuzwa shilingi ngapi. Sehemu nyingi jembe likawa adhabu: ukikosea, kalime. Yaani kile kilichoanza Litowa kama heshima kikageuka kuwa kitu cha kumtisha mtoto. Mzee wetu wa Zaire alikuwa nchi nyingine, chini ya mtawala mwingine kabisa, lakini alipita kwenye shamba la namna hiyo hiyo.

Labda mtu ataniuliza: sawa, lakini Litowa walikuwa raia, wana ardhi yao. Sisi wakimbizi tutajengaje shule ya jamii wakati hata kutoka nje ya mipaka ya kambi ni kwa kibali? Ni swali la haki. Ndo maana nataka niwape mfano wa pili kwa kifupi.

Juni 1976 watoto wa shule wa Soweto, Afrika Kusini, waliandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikaans, wakapigwa risasi. Vijana wengi wakakimbia nchi. Mwaka 1977 Tanzania iliwapa ANC ardhi Mazimbu, karibu na Morogoro, mahali palipokuwa shamba la zamani la mkonge. Pale wakimbizi hao wakajenga shule. Wakaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979, akiwa na miaka 22 tu. Ilianza kama sekondari, baadaye ikawa na shule ya msingi na sehemu ya watoto wadogo. Walikuwa na shamba, mifugo na karakana. Kazi za mikono zilikuwa sehemu ya elimu, na wanafunzi walishiriki hata kwenye ujenzi. Haikuwa peponi. Wenyewe wamesimulia kwamba kulikuwa na migogoro, na wapo waliochoka wakatamani kwao. Lakini hawakusema tusubiri turudi nyumbani ndipo tuanze kujenga. Walijenga ugenini kana kwamba watakaa, huku wanajua wataondoka. Mwaka 1992 wakaikabidhi Mazimbu yote kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Watoto wa wenyeji wanasoma kwenye majengo yaliyojengwa na wakimbizi. Mimi nikifikiria hilo napata nguvu.

Sasa nirudi kwenye alama niliyowaomba muweke. Wenzetu wa mashirika, mnafanya kazi nzuri na sisi tunaiona. Lakini mara nyingi mradi unafika kwetu ukiwa umeshaiva. Mbegu zimeshachaguliwa, siku za kulima zimeshapangwa, hata bango limeshaandikwa. Sisi tunaitwa kwenye mkutano wa kupiga makofi. Historia ya Litowa inaonyesha kwamba nguvu ya ile shule ilikuwa kwenye nani anaamua, na pale uamuzi ulipohamia juu, shule ikafa, ijapokuwa maneno mazuri yalibaki kwenye vitabu. Na sisi wajitoleaji tusijifiche nyuma ya mashirika. Mimi nilikuwa kwenye kikao cha walimu kilichopanga ile bustani, na hakuna mtoto wala mzazi hata mmoja tuliyemuuliza.

Wiki mbili baadaye tulifanya mkutano wa pili. Niliomba dakika kumi, nikasimulia Litowa kama nilivyowasimulia hapa. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha tukajibu swali lake, safari hii wote pamoja, na watoto wawili kutoka kila darasa walikuwepo. Tulikubaliana hivi. Bustani haitakuwa adhabu, kwa kosa lolote. Walimu nao watashika jembe siku ya zamu. Mavuno yatahesabiwa mbele ya watoto na kuandikwa kwenye daftari linalokaa wazi darasani. Kwanza watapewa wale ambao nyumbani mgao umeisha, halafu waliobaki watagawana sawa. Kikiuzwa chochote, watoto ndio wataamua kama ni chaki au mpira.

Tukamwomba mzee awe mtunza daftari. Akakataa. Akasema daftari ashike mtoto, yeye atakuwa anakuja kulikagua.

Sijui kama bustani itafika mbali. Maji ni shida, foleni ya bombani mnaijua. Na kambi ni kambi, kesho tunaweza kuambiwa jambo lingine. Lakini wiki iliyopita tulivuna lengalenga kwa mara ya kwanza. Mafungu yalikuwa 23. Msichana wa darasa la tano aliandika kwa mwandiko mkubwa, akasoma kwa sauti, na mzee akiwa amesimama mlangoni akamwambia: "Rudia, binti yangu, sikusikia vizuri." Alikuwa amesikia. Alitaka tu kusikia mara ya pili.

Kama shuleni kwenu kuna shamba au bustani, kaulizeni lile swali. Mkipata jibu, mtuandikie na nyinyi.