Dakika Kumi (Sehemu ya Nne)

ILIPOISHIA: Alfajiri ya Januari 2, siku ya kwanza ya Hakone Ekiden, Kibet alitoa kipimajoto kwapani kikasoma 38.9. Kanuni za mbio hizo za vyuo vikuu vya Japani humruhusu mwanafunzi mmoja tu wa kigeni kukimbia katika timu, na aliyekuwa amepangiwa zamu ya pili ni yeye. Kocha alimgeukia Maina, aliyekuwa akiba tangu malaria ya Oktoba. "Damu yako imerudi?" aliuliza. Ndani ya mfuko wa koti la Maina mlikuwa na bahasha kutoka kwa daktari. Kocha hakuwa ameiona.

SASA ENDELEA…

"Imerudi, Kocha."

Jibu lilimtoka kabla swali halijaisha. Kocha alimkazia macho, kisha akachomoa kalamu na kuandika jina lake kwenye karatasi ya mabadiliko. Kwenye futoni yake, Kibet alijifunika blanketi hadi kichwani. Hakuaga. Maina naye hakusema lolote, maana angesema nini? Kibet ndiye aliyemwokoa.

Mnakumbuka. Septemba Maina alirudi nyumbani Nyahururu, kisha akateremka Kisumu kwenye harusi ya dada yake. Nyahururu iko juu, zaidi ya mita elfu mbili, na mtoto aliyekulia kwenye baridi ile hukua bila kuijua malaria wala mwili wake kujifunza kupambana nayo. Kisumu alilala siku nne bila neti, akiona neti ni za wageni. Wiki ya pili baada ya kurudi Japani, homa ikamshika. Zahanati aliyopelekwa ilisema ni mafua, apumzike, anywe maji. Siku ya tatu macho yalikuwa ya manjano. Kibet, aliyesomea Kakamega na kuiugua malaria mara nyingi, alisimama mlangoni pa bweni akamwambia Kocha kwa Kijapani chake cha kubabaisha: "Huyu si mafua. Mpimeni damu, leo hii."

Vimelea vilitibiwa vikaisha. Lakini malaria ikiondoka haiondoki mikono mitupu. Chembe nyekundu za damu zilizokuwa zikibeba hewa hadi kwenye misuli zilikuwa zimepasuka kwa mamilioni, na kuzijenga upya huchukua wiki nyingi. Mwanamume mzima hutarajiwa awe na hemoglobini ya 13 au zaidi. Novemba Maina alikuwa na 11.9, ikipanda. Daktari akafurahi, akamwambia akimbie taratibu. Maina akawa anaamka usiku, wenzake wamelala, na kuzunguka uwanja peke yake gizani ili asipoteze nafasi.

Desemba 28 alipimwa tena. Bahasha alipewa mkononi ampelekee Kocha. Aliifungua mwenyewe bwenini. Maandishi mengine yalimshinda, lakini tarakimu ni tarakimu kila mahali: 10.4.

*

Saa mbili kamili asubuhi timu zilitoka Otemachi, katikati ya Tokyo. Wasiozijua mbio hizi na wajue: ni kilomita 217 na ushei, wakimbiaji kumi, watano wa kwenda hadi Ziwa Ashi milimani Hakone na watano wa kurudi kesho yake. Zimekuwapo tangu 1920. Hakuna kijiti. Kinachopokezwa ni tasuki, mkanda wa kitambaa wenye rangi za chuo, unaovaliwa begani na kukatiza kifua. Watu wako likizoni, runinga zimewashwa tangu asubuhi, na bibi ambaye hajawahi kukimbia hata kuwahi basi anajua ni nani amepangwa zamu ya ngapi.

Zamu ya pili ndiyo ya majabali. Kilomita 23.1, kutoka Tsurumi hadi Totsuka. Ndiyo aliyoikimbia Mkenya Joseph Otwori mwaka 1989, yeye na mwenzake Kennedy Isena wakiwa wanafunzi wa kwanza kutoka kwetu kuonekana Hakone, na tangu hapo Mjapani akisikia Mkenya na Hakone hutarajia zamu ya pili na watu kupitwa barabarani. Samuel Wanjiru, kijana wa Nyahururu aliyeshinda dhahabu ya marathoni Beijing mwaka 2008, alianzia shuleni Sendai, kwenye ekiden za wanafunzi wa sekondari. Maina alikulia kwenye kivuli cha jina hilo. Kila aliporudi nyumbani aliulizwa: "Na wewe lini?"

Tsurumi palikuwa na baridi ya kukata masikio. Saa tatu na dakika mbili kiongozi aliingia. Ofisa mwenye kipaza sauti alikuwa akitaja timu moja baada ya nyingine kadiri zilivyokaribia, na kila anayetajwa alivua koti na kusogea kwenye mstari. Mkanda ukapokewa, mtu akaondoka. Mkanda, mtu. Baada ya dakika mbili timu karibu zote zilikuwa zimepita. Akabaki Maina.

"Nahodha yuko wapi?"

Kijana wa mwaka wa kwanza aliyepewa kazi ya kumtunzia nguo alikuwa na simu sikioni. Uso ulimwiva. "Bado yuko njiani," alisema. "Msuli wa shavu la mguu ulimkaza kwenye daraja la Rokugo. Anachechemea."

Kutoka Rokugo hadi Tsurumi ni kilomita tatu na nusu hivi. Kwa mzima ni dakika kumi na kidogo. Kwa anayechechemea, nani ajuaye?

Hapa ndipo sheria ya dakika kumi inapoingia, na mimi msimuliaji sijawahi kuipenda. Barabara haiwezi kufungwa siku nzima. Kwa hiyo Tsurumi, na baadaye Totsuka, mkimbiaji ambaye mwenzake hajafika dakika kumi baada ya kiongozi huondolewa kwa bunduki. Hukimbia na mkanda wa waandalizi, wa manjano na mweupe, na ule wa chuo hufika nyuma yake ukakuta mstari mtupu. Timu haijafukuzwa, matokeo yanahesabiwa. Ila mkanda umekatika, na kwao hilo ni msiba wa kulilia hadharani. Kamera huwa zimeshajipanga kumngoja anayelia.

Kwenye simu ya yule kijana kulikuwa na picha za moja kwa moja. Maina aliinama kutazama. Nahodha alikuwa akiruka kwa mguu mmoja, mkono umeshika paja. Kando yake Kocha alikuwa ameshuka garini, anatembea naye hatua kwa hatua, mikono ameifumba mgongoni. Alikuwa ameifumba hasa, vidole vimeshikana, kwa sababu kocha akimgusa tu mkimbiaji, basi. Timu imejitoa. Watakaofuata wataruhusiwa kukimbia, lakini chuo hakitakuwa na nafasi wala matokeo, na kumi bora wanaopata tiketi ya mwaka ujao hawatawasogelea.

"Acha, inatosha," midomo ya Kocha ilisema.

Nahodha alitikisa kichwa. Alikuwa mwaka wa nne. Hakuwa na Hakone nyingine.

Dakika ya nane. Ofisa alikuja na mkanda wa manjano na mweupe, akaushika tayari kwa mikono miwili. Maina hakuutazama.

Dakika ya tisa.

Kelele zilianzia mbali, zikaja na umati kama upepo unavyokuja na mahindi. Nahodha alitokea. Alikuwa ameshavua mkanda, ameuzungusha ngumini. Maina alivua koti, akamtupia yule kijana, akaruka mstarini. Ofisa wa bunduki alikuwa ameshainua mkono.

"Nisamehe," Nahodha alisema, akaanguka kifudifudi.

Mkanda ulikuwa umelowa jasho na umeshaanza kupoa. Maina aliupitisha kichwani, akachomeka ncha yake kiunoni, akaondoka. Saa ilisoma dakika tisa na sekunde arobaini na nane.

Sekunde kumi na mbili. Ndiyo akiba yote aliyoachiwa. Kiongozi yuko mbele, hamwoni, hatamwona. Ili mkanda usikatike Totsuka, Maina asizidiwe na mtu huyo hata sekunde kumi na tatu katika kilomita 23.

Nyuma yake, yule kijana alikuwa akilikunja koti vizuri, upande kwa upande, kama alivyofundishwa. Bahasha ikadondoka miguuni pake. Ilikuwa imeshafunguliwa.

*

"Umeanza kwa kasi mno!" sauti ya Kocha ilimfikia kutoka kwenye gari la nyuma. "Mbili arobaini na tano! Punguza!"

Maina hakupunguza. Alijua hesabu yake. Damu aliyo nayo ilitosha kilomita kumi na mbili, labda kumi na tatu. Basi heri aitumie mapema, atafute akiba huku mwanzoni ambako barabara ni tambarare. Ni hesabu ya kijinga, na kila mkimbiaji wa masafa anajua kwamba ni ya kijinga. Lakini nipeni nyingine.

Alipita stesheni ya Yokohama katikati ya ukuta wa watu na bendera za karatasi. Nyahururu ilikuwa bado usiku wa manane na ushei. Mama yake angekuwa ameketi kitandani, simu mkononi, akitafuta mtandao usiokatika. Jana walizungumza.

"Mwanangu, unakula?"

"Ninakula, Mama."

"Na ile homa?"

"Iliisha kitambo."

"Hiyo sauti yako naijua. Mwili ukikukatalia, usibishane nao. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Kilomita ya kumi mwenzake mmoja alikimbia kando na kumpa chupa ya maji. Kocha akapaza sauti: "Umepata sekunde thelathini! Una arobaini na mbili mkononi!" Umati ukashangilia.

Kisha ikaja Gontazaka.

Si kilima kirefu kwa mtu wa Nyahururu. Kwetu watoto wanakipanda na madaftari mgongoni. Maina alikipanda nusu, na mapafu yakawa yamejaa hewa lakini hewa haifiki popote. Alivuta pumzi, akavuta tena. Miguu haikupokea kitu. Masikioni mlianza mlio mwembamba, meno yakafa ganzi, na pembezoni mwa macho rangi zikaanza kuondoka, bendera nyekundu zikawa za kijivu.

Kilomita ya kumi na tano: "Kumi na nane mkononi."



Kilomita tatu za mwisho: "Akiba imeisha. Uko chini kwa sekunde tano. Maina! Unanisikia?"

Aliinua mkono kuonyesha kwamba amesikia. Mkono ulikuwa mzito kuliko alivyoutarajia.

Kilomita hizo tatu Wajapani huziita ukuta wa Totsuka. Barabara inainuka, inakudanganya kwamba imekwisha, inashuka kidogo, inainuka tena. Mahali fulani kwenye mwinuko wa kwanza Maina alisikia honi na makelele kutoka mbele. Kiongozi alikuwa ameingia Totsuka. Dakika kumi zilikuwa zimeanza kuhesabiwa.

Ndani ya gari, simu ya Kocha iliita. Aliikata. Ikaita tena. Yule kijana wa nguo hakuwahi kumpigia Kocha tangu ajiunge na chuo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hampigii kocha katikati ya mbio.

"Sema."

Kijana alisema akilia. Kocha alisikiliza bila kuingilia. Kisha aliuliza swali moja: "Kumi nukta ngapi?"

*

Kilomita ya mwisho. Kando ya barabara mwanafunzi mwenzao aliinua ubao wa karatasi ulioandikwa kwa kalamu nene: 3:10. Dakika tatu na sekunde kumi, kisha bunduki italia. Akiwa mzima, kilomita hiyo hata mlimani angeikimbia akitabasamu.

Maina alisubiri sauti ya Kocha. Hapa, kwenye kilomita ya mwisho, makocha wanaruhusiwa kuzungumza, na hakuna kocha anayeacha. Alisubiri hatua ishirini, akasubiri hatua arobaini. Kipaza sauti kilikuwa kimya.

Mguu wa kushoto ulivuka mbele ya wa kulia, akayumba hadi karibu na kamba ya watazamaji, akarudi. Mwanamke mmoja alipiga ukelele. Maina alishika mkanda kifuani kwa ngumi asijue kama anauzuia usianguke au anajizuia yeye. Juu, mwisho wa mwinuko, aliona kofia za maofisa, na katikati yao jezi ya chuo chake: kijana wa zamu ya tatu, ameshavua koti, anarukaruka mstarini na kumwita kwa mikono yote miwili. Kando yake ofisa alikuwa amesimama na mkanda wa manjano na mweupe.

"Sekunde tisini!" mtu alipiga kelele.

Nyuma yake breki za gari zililia. Mlango ulifunguliwa, ukafungwa kwa kishindo, na viatu vikaanza kukimbia kwenye lami, vizito, vya mtu wa makamo aliyeacha kukimbia miaka mingi. Vilimkaribia upande wa kulia. Maina aligeuza shingo kwa shida.

Kocha alikuwa hatua mbili kutoka kwake, bahasha hana lakini uso unaijua. Na safari hii mikono yake haikuwa mgongoni.

ITAENDELEA JUMAPILI IJAYO